Hiyo 50 Yako Inadanganya Keja Zetu

Kama umewahi kutafuta keja Nairobi kupitia simu, huu uchawi unaujua. Unaona bedsita kwa tangazo. Sakafu inang'aa, dirisha liko mbali kule, kitanda kimekaa kona moja kama kimepotea njia. Unajiambia hapa hata nitaweka meza ya watu sita. Unapanda mat, unashuka, unapanda ngazi mpaka orofa ya tano, jamaa wa ploti anafungua mlango, na mlango unagonga kitanda. Hapo ndipo unakumbuka kuna kitu kwa simu kinaitwa 0.5.

Siku hizi hatukasiriki hata. Tunacheka tunarudi stage. Lakini nina swali kwa wasee wangu wa filamu, sisi ambao tunatembea na kamera za babu zetu tukijigamba ati picha zetu ni za ukweli. Kwa nini tunakaa njaa miezi mitatu ndio tununue uongo ule ule, sasa ukiwa umetengenezwa Japani?

Naongea juu ya lenzi pana za kamera zinazotumia filamu ya 120, zile huitwa midiamu fomati. Na ili tusizunguke mbuyu, nitashika kamera moja ambayo naijua juu imeniumiza bega: Mamiya RB67. Ilitoka Japani mwaka wa 1970. Ni sanduku la chuma na vioo, haitaki betri, na ukishaiwekea lenzi na mgongo wa filamu unabeba karibu kilo 2.7. Roli moja inakupa picha 10, basi. Kila picha ina upana wa milimita 69.5 na kimo cha 56, yaani zaidi ya mara nne ya eneo la ile filamu ndogo ya 35. Ndio maana mtu anakubali kuteseka nayo.

Ukinunua RB mara nyingi inakuja na lenzi ya 90 au 127. Halafu unaanza kuwashwa. Unataka lenzi pana. Chaguo lako la kweli ni mbili: 65 au 50. Kuna pia 37, lakini hiyo ni jicho la samaki, inapinda mpaka ukuta wa jirani, tuiachie watu wa skeitibodi. Sasa uliza mtu yeyote mwenye RB hapa mjini achukue gani. Atakwambia 50. Atakwambia 65 ni ya waoga, ati "haijapanuka vya kutosha," ati ukienda pana enda pana. Nimeambiwa hivyo na watu wanne tofauti, na wa nne alikuwa hajawahi kushika RB.

Mimi nilisikiza. Pesa ya harusi tatu nilizopiga mfululizo ikaenda kwa 50. Ikafika imefungwa vizuri kama yai, kioo safi, kubwa kama kopo la maziwa ya mtoto. Nilijiona mwanaume.

Kabla sijawaambia vile ilinitenda, wacha tupige hesabu. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea upimaji wa ardhi, na mathe wangu hadi leo hataki tuongee juu ya hiyo siku. Lakini tan na cos sikuwarudishia, niliondoka nazo.

Kwa RB, 90 inaona pembe ya karibu digrii 42 kutoka kushoto hadi kulia. 65 inaona digrii 56. 50 inaona digrii 70. Ukitafsiri kwa lugha ya kamera za kawaida, 90 ni kama 44, 65 ni kama 31, na 50 ni kama 24. Simama hapo kwa 24. Kamera kuu ya simu nyingi, ile 1x unayotumia kupigia chapo yako picha, iko kati ya 24 na 26. Buda, umebeba karibu kilo tatu, umelipia filamu, umelipia kusafisha, umelipia kuskani, ndio upate upana ule ule wa simu iliyo kwa mfuko wako. Halafu mtu aniambie 65 ndio ya waoga.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, juu hapo ndipo kila mtu hukimbilia. "Nataka 50 kwa sababu nyumba zetu ni ndogo." Hiyo hoja inasikika poa sana mpaka uchukue tepu ya fundi. Nyumba ya kumi kwa kumi ni futi kumi, mita tatu na kidogo. Ukibandika mgongo kwa ukuta mmoja na kamera ikae kifuani, filamu yako iko karibu mita 2.7 kutoka ukuta wa mbele. Kwa huo umbali 65 inaona upana wa mita 2.9. Rudia kusoma. Ukuta una mita tatu, 65 inaona 2.9. Yaani lenzi ya waoga inakuonyesha karibu ukuta wote wa single, kona hadi kona. 50 kwa mahali hapo hapo inaona mita 3.75. Hizo sentimita 70 za ziada zinatoka wapi na ukuta umeisha? Zinatoka kwa kuta za pembeni, zile ziko karibu na wewe, na hizo ndizo zinavutwa kama ubale wa chingamu.

Na nyumba zetu zina mlango. Sijui kwa nini hakuna anayefikiria mlango. Single nyingi taa yake ya mchana ni mlango wenyewe, kwa hivyo utasimama upande wa mlango ukitaka usitake, ndio mwanga uingie nyuma yako uangukie mtu. Basi toka nje. Vuka kizingiti urudi nusu mita kwa korido, piga kupitia mlango. Fremu ya mlango haitaingia kwa picha, hiyo pia nimepima. Hapo 65 inaona zaidi ya mita 3.5, na hata 90 yako ya zamani inaona karibu mita 2.7. Watu wananunua lenzi ya pili na ya kwanza hawajawahi kurudi nayo hatua moja nyuma.

Haya. Story yenyewe.

Kwa ploti tuliyokuwa tunaishi kulikuwa na mathe mmoja, mlango wa nne. Alikuwa anapika mandazi asubuhi na mapema, nyumba zote zinaamka na hiyo harufu. Alikaa kwa hiyo nyumba miaka 19. Watoto watatu wamelelewa hapo, wa mwisho akiwa bado shule. Halafu mwenye ploti akasema anabomoa mabati ajenge flati, kila mtu miezi miwili awe ametoka. Mathe akaamua kurudi ushago. Akaniita jioni moja akaniambia, "Kijana wangu, wewe si uko na ile kamera kubwa? Nipige picha na nyumba yangu kabla sijaenda. Nataka wajukuu wangu waone tulikaa wapi."

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniomba picha hivyo. Watu huomba picha zao. Huyu alitaka picha ya nyumba akiwa ndani.

Alipanga nyumba kutwa nzima. Akatoa vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya kushona na mkono. Pazia ya kugawanya kitanda na sebule akaifua. Sufuria zote kwa ukuta, zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Yeye akakaa katikati kwa kochi, kijana wake akakaa mkono wa kulia kabisa kwa kigoda, na mimi nikabandika mgongo kwa ukuta na 50 yangu. Nikachungulia kwa kioo cha juu. Kila kitu kiliingia! Pazia, sufuria, dari, sakafu, hadi kiatu changu karibu kiingie. Nikaona bado kuna nafasi tupu mbele, nikasonga hatua moja. Kisha nusu hatua. Nikapiga roli nzima.

Zile roli zilikaa wiki sita nikitafuta pesa ya kuzisafisha. Nilipozipata nikachapisha moja kubwa, nikampelekea siku anapakia vitu kwa pickup. Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hii ni nyumba ya nani?"

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Akasema, "Mimi nyumba yangu ilikuwa ndogo." Halafu akaweka kidole kwa kijana wake pale pembeni akauliza kama alikuwa ameumia kichwa. Kichwa kilikuwa kimevutwa kama papai. Mguu wake wa mbele ulikuwa na kiatu cha namba kumi na tano. Na mathe mwenyewe, pale katikati, alikuwa mdogo, ameketi mbali kwa sebule ya Kileleshwa ambayo hajawahi kulipia rent.

Akaikunja kwa leso akaenda nayo, juu ana heshima kunishinda. Wiki iliyofuata mabati yalikuwa chini. Hakuna kurudia.

Udogo wa hiyo nyumba ndio ulikuwa story yote. Kochi linagusa kitanda, kitanda kinagusa jiko, na kwa mita tatu mtu amelea watoto watatu na kitambaa hakina doa. Hiyo ndiyo alitaka wajukuu waone. Mimi nikaifanya tangazo la kupangisha.

Najua kuna mtu tayari anaandika "lenzi haibadilishi sura, ni umbali unabadilisha." Uko sawa kabisa, na hiyo ndiyo inakumaliza. Ukubwa wa pua kwa uso, ukubwa wa kiatu kwa mguu, umbali wa ukuta wa nyuma, hiyo yote inaamuliwa na mahali umesimama. Ukisimama mahali pamoja na 50 na 65, ndani ya eneo wanaloshiriki picha ni ile ile. Lakini wewe husimami mahali pamoja. Lenzi pana inakuvuta. Unaona nafasi tupu mbele na pembeni, inakukera, unasonga. Kila hatua unasonga, kilicho karibu kinafura na kilicho mbali kinakimbia. 50 haikunilazimisha kusonga, ni kweli. Ilinishawishi tu, vile boda anakushawishi ati hapo si mbali.

Na kuna ile ya pembeni, ambayo haihusiani na kusonga. Lenzi nzuri inayoweka mistari ikiwa imenyooka lazima ilipe mahali, na inalipa ukingoni. Kitu cha mviringo, kwa mfano kichwa cha mtoto wa mwenyewe, kikikaa ukingo wa kulia au kushoto kwa 50 kinavutwa karibu asilimia 22. Kwa 65 ni kama 13. Ukikiweka kwa kona kabisa, 50 inakivuta asilimia 34, na 65 asilimia 21. Hii si kasoro ya Mamiya. Nunua lenzi ya bei ya shamba, kama ni ya upana huo na inaweka mistari sawa, itavuta kiasi hicho hicho. Ni jiometri, haina mhandisi wa kuhonga. Asilimia 13 jicho linasamehe. 22 mathe anauliza kama mtoto ameumia.

Hoja nyingine: "Chukua 50 halafu ukate picha baadaye." Hii naiheshimu kidogo, juu inafanya kazi. Ukikata picha ya 50 ibaki na upana wa 65, unatupa karibu asilimia 41 ya filamu. Kinachobaki bado ni kikubwa kuliko filamu ya 35, sitadanganya. Kwa hivyo kama tayari uko na 50 na huna pesa, usilie, rudi nyuma, weka watu katikati na ukate. Lakini kama bado hujanunua, nieleze kwa nini ununue kamera ya filamu kubwa ndio kila mara utupe karibu nusu ya hiyo filamu. Mimi roli moja, kununua hadi kuskani, ilikuwa inanila zaidi ya elfu tatu. Hiyo ni mia tatu kwa kila picha. Kata asilimia 41 ya mia tatu uone kama hautaskia kitu kwa tumbo.

Wacha nipatie 50 haki yake pia, nisiwe kama wale jamaa wa upande ule. Ukifunga tundu la lenzi hadi f/11, 50 inakuweka makali kutoka karibu mita 2.3 mpaka mwisho wa macho. 65 inaanzia karibu 3.9. Kwa chumba chenye giza hiyo tofauti utaihisi, na na 65 utahitaji tripodi mara nyingi zaidi. Nimekubali. Lakini RB ni ya tripodi hata hivyo. Hicho kioo chake kikiruka ndani unasikia kwa mbavu, na kwa sekunde 1/15 mkononi utapata picha ya tetemeko. Lenzi za RB zina mahali pa kufunga waya wa kufyatulia ili uinue kioo kwanza, kitulie, ndio ufungue shata. Jifunze hiyo kabla hujaanza kupiga domo kuhusu lenzi.

Na kuna watu wamechukua lenzi pana zaidi wakajua kabisa wanafanya nini. Lee Friedlander, Mmarekani, alizunguka Marekani akipiga picha akiwa ndani ya gari, na mwaka wa 2010 ikatoka kama kitabu, America by Car. Alitumia Hasselblad Superwide, kamera ambayo lenzi yake ni 38 na haitoki. Hiyo ni pana kuliko 50 yangu. Lakini angalia alikuwa wapi: kwa kiti cha dereva. Hana pa kurudi. Usukani, dirisha, kioo cha pembeni, na barabara nje, vyote vinataka kuingia kwa fremu moja, na huo msongamano ndio kazi yenyewe. Kama mradi wako ni ndani ya mathree, umekaa kiti cha nyuma unataka konda na dereva na mabango na abiria wote, chukua 50, sina neno. Hapo ukuta uko mgongoni na hakuna mlango wa kutokea.

Lakini usiniambie ni ya mandhari. Nilifanya hiyo pia. Nilienda pale viewpoint ya barabara ya Naivasha, Bonde la Ufa lote liko chini yako, Longonot imekaa pale na mita zake 2,776. Nikapiga na 50. Nikapata mawingu mengi, vichaka vingi vya mbele, na katikati kichuguu. Mlima ambao ukiupanda unakutoa roho nimeufanya kichuguu. Vitu vya mbali vikitazamwa na lenzi pana vinakuwa vidogo, hiyo tu. Kule unataka 127 au 180, utulie.

Kama kamera yako si RB, tafadhali usiende dukani na namba yangu kichwani. Hapa ndipo watu huchomeka vibaya. Milimita za lenzi hazina maana mpaka ujue ukubwa wa filamu. Kwa kamera za 645, kama Bronica ETR au Mamiya 645, lenzi ya 50 inaona digrii 58 hivi kwa upana, karibu sawa kabisa na 65 ya RB. Kwa hivyo wewe wa 645, hiyo 50 yako haina makosa, ni binamu ya 65 yangu, kaa nayo. Kwa Hasselblad ya mraba kuna 50 na 60, na kwa nyumba zetu mimi ningeenda 60. Kwa Pentax 67 kuna 55 na 75. Ningeenda 75, na najua hiyo itaniletea maadui.

Hujui unataka gani? Una kifaa cha kupimia mfukoni. Fungua kamera ya simu, 1x, bila kuvuta. Hiyo ni kama 50 kwa RB. Sasa vuta kidogo mpaka 1.3 au karibu. Hiyo ni 65. Umbo la picha ya simu na la RB hayatofautiani sana, kwa hivyo unachoona ndicho utapata. Tembea nayo hivyo wiki moja. Ingia nyumba za marafiki, simama ukutani, weka mtu ukingoni umwangalie kichwa. Hailipishwi. Ningefanya hivyo mimi ningekuwa na picha ya mathe.

Ukiamua 65, tafuta iliyoandikwa C. Hiyo C inamaanisha kioo kimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao. Zile za zamani bila C zimepakwa tabaka moja, na ukigeuka uelekee mlango ulio wazi saa saba mchana picha inakuwa maziwa. Muulize anayeuza kuhusu kuvu ndani ya kioo, na usikubali jibu la "haionekani kwa picha." Shata ya RB iko ndani ya lenzi, si kwa mwili wa kamera, kwa hivyo ukinunua lenzi unanunua na shata yake. Isikilize kwa sekunde moja kamili. Ikivuta kama mzee anayepanda ngazi, hesabu na pesa ya fundi. Na baadhi ya lenzi pana za RB zina pete ya pili ya kurekebisha kulingana na umbali wa kitu. Ukiisahau, katikati patakuwa sawa lakini pembe zitalegea, halafu utakuja kuniambia 65 ni mbaya.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu RB ndani ya nyumba, na hiki hakuna mtu aliniambia. Unaiangalia kutoka juu, kamera iko kifuani. Ukipiga goti moja inafika kimo cha macho ya mtu aliyekaa kwa kochi. Usiiinamishe, usiiinue, iache wima kabisa, na kuta zitasimama wima pia. Hapo humtazami mtu kutoka juu kama afisa wa sensa. Na 65 ukiwa umepiga goti mlangoni, mtu yuko mita mbili na nusu, ukuta wake nyuma yake, nyumba yake ni saizi yake.

Nilibadilisha lenzi miezi minne baadaye. Kufikia sasa nimepiga nyumba kumi na moja, single zote, kwa ploti tatu ambazo zimepewa notisi. Jumamosi naenda ya kumi na mbili, kinyozi na bibi yake, na wameshaniuliza kama wanafaa kupaka ukuta rangi. Nimewaambia wasiguse kitu.

Ile 50 bado ninayo, inauzwa. Kioo ni safi, haina kuvu, shata iko sawa hadi sekunde moja. Anayeitaka alete RB yake tuijaribu pamoja, lakini tutaijaribia ndani ya keja yako, na mathe wako ndiye atakaa pembeni.